BARAZANI KWA MWALIMU: Gego la Mwisho na Siku Zinazofuata



Ndugu wasomaji, mwezi huu naomba niwaeleze jambo ambalo kwa muda nililificha hata kwa walio karibu nami. Mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 66, nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa gego la mwisho la taya la chini. Ndilo lile ambalo Waarabu huliita dhirsu-l-aqli, yaani gego la akili, kwa kuwa huota mtu anapokwisha kupevuka, aghlabu baina ya miaka 17 na 25. Langu halikupata nafasi ya kuota sawasawa. Lilikaa limelala ndani ya ufizi kwa zaidi ya miaka 40 bila ya kunisumbua, mpaka ufizi ulipoanza kuvimba na kutoa usaha mara kwa mara.

Juu ya upasuaji wenyewe sina la kulalamika. Daktari alikuwa mtaratibu, ganzi ilishika vyema, na kabla ya adhuhuri nilikuwa njiani kurudi nyumbani. Kijana wangu aliyekuwa akiendesha gari akaniambia, "Umeona Baba? Jambo dogo tu." Nami nikaamini kuwa limekwisha. Kilichonishinda ni siku zilizofuata, na hizo ndizo nitakazo kuzizungumza leo.

Kijana akiondolewa gego kama hili, maumivu na uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na baada ya wiki moja hivi wengi huwa wamekwisha kurejea katika shughuli zao. Sisi wazee tuna hali nyingine. Mfupa wa taya umekwisha kuwa mgumu, mizizi ya jino imekamilika na kushika, na pengine imekaribiana na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya kuelekea mdomo wa chini na kidevu. Kwa hiyo kazi ya daktari huwa ngumu zaidi, kidonda huchelewa kupona, na hatari ya mshipa huo kujeruhiwa huwa kubwa kuliko kwa kijana.

Hayo yalinifika mimi. Ganzi ya hospitali iliondoka jioni ile, lakini nusu ya mdomo wangu wa chini na kidevu ilibaki kana kwamba si yangu. Mtu akinitazama haoni kasoro yoyote. Lakini chai ilikuwa ikinichuruzika nami sina habari. Siku moja tumekaa na wenzangu kwa kahawa na halwa, rafiki yangu mmoja akaninyooshea kitambaa bila ya kusema neno. Nilikipokea, nikashukuru, na tangu siku hiyo nikaanza kutafuta udhuru: leo miguu inauma, kesho nina wageni.

Lililoniuma zaidi lilikuwa jingine. Kila baada ya magharibi mimi humsomesha mjukuu wangu Qur'ani. Wenye kujua tajwidi wanafahamu kwamba herufi za ba, mim na waw hutoka midomoni, na fa hutoka pale meno ya juu yanapogusa mdomo wa chini. Mdomo usiohisi haujui umefika wapi. Mtoto akanitazama akasema, "Babu, mbona leo unasoma hivyo?" Mtu aliyesomesha watoto wa watu miaka 35 alifunga msahafu, akasingizia usingizi.

Tumefunzwa kustahamili, na subira ni jambo la kheri. Lakini mimi sikuwa nikisubiri, nilikuwa nikificha. Wahenga wetu wamesema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwezi wa pili mama watoto, aliyekwisha kuona kila kitu, akanishika mkono tukarudi kwa daktari. Alinipima kwa kunigusa hapa na pale huku nimefumba macho, akaandika mipaka ya mahali pasipohisi. Akaniambia kwamba mshipa wa namna hii hupona polepole, kwa wiki na miezi, na kwamba kwa wengi fahamu hurudi, ijapokuwa wapo wanaobaki na athari. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, ungalikuja wiki ile ya kwanza." Alhamdulillahi, mwezi wa tano fahamu ilikuwa imerejea, isipokuwa sehemu ndogo ya kidevu.

Nimejifunza baadaye kwamba wataalamu wenyewe wamekwisha kutambua kuwa meno hayapimwi kwa picha za eksirei peke yake. Huko Australia, mwaka 1994, Slade na Spencer walitunga maswali 49 ya kumwuliza mgonjwa juu ya maisha yake, na mwaka 1997 Slade akayafupisha yakawa 14. Huulizwa kama hutamka maneno kwa shida, kama ladha imepungua, kama hula kwa tabu, kama huona haya mbele ya watu kwa sababu ya kinywa chake. Nilipoyasoma nilishangaa, kwani yote niliyokuwa nikiyaonea aibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa kuwa ni sehemu ya ugonjwa, na ni haki ya mgonjwa kuyasema.

Basi, wazee wenzangu, nawausia machache.

Kwanza, ulizeni kama jino lina haja ya kutolewa. Uingereza, mwaka 2000, taasisi yao ya kutoa miongozo ya tiba ilishauri kwamba gego la mwisho lililokwama bila ya maradhi lisiondolewe kwa tahadhari tu. Kwa mzee, lisilosumbua huenda likatosha kuangaliwa mara kwa mara. Ama lenye usaha, lililooza au linaloharibu jirani yake, lisicheleweshwe, kwani kila mwaka upitao mfupa hauzidi kuwa laini. Ulizeni pia mizizi iko umbali gani na mshipa. Hapa Muscat hatukosi wa kuwauliza: wataalamu wapo, na tangu mwaka 2006 kuna chuo kinachosomesha udaktari wa meno papa hapa mjini.

Pili, mpelekeeni daktari mfuko mzima wa dawa zenu. Dawa za kuzuia damu kuganda asiziache mtu kwa rai yake mwenyewe, aamue daktari. Baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa, ambazo kina mama wengi wanazitumia, zinaweza kuufanya mfupa wa taya usipone baada ya jino kutolewa. Na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kidonda chake huchelewa na huingia vijidudu kwa wepesi.

Tatu, lindeni lile tone la damu linaloganda pengoni, maana ndilo kifuniko cha mfupa. Siku ya kwanza msisukutue kwa nguvu, msinywe kwa mrija, wala msinywe kahawa ya moto. Sigara iachwe kabisa. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanafaa. Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu siku ya tatu au ya nne, rudini hospitali. Karafuu yetu ya Unguja hutuliza jino kwa muda, na madaktari huitumia kwa kipimo chao, lakini mafuta yake yasimiminwe kwenye kidonda kibichi nyumbani.

Nne, juu ya saumu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah liliamua mwaka 1997 kwamba kung'oa jino hakubatilishi saumu, madhali mtu anajiepusha na kumeza kinachofika kooni. Hata hivyo mgonjwa ana ruhusa yake, na mzee atakayehitaji dawa na maji mchana asijitese. Ikiwa jambo halina haraka, lipangwe nje ya Ramadhani.

Na nyinyi watoto wetu, msimshushe mzee mlangoni mkaondoka. Mpikieni uji, bokoboko laini, supu ya samaki iliyopoa. Wiki nzima mwulizeni, si "Umepona?" tu, bali "Umekula nini? Umelala? Mdomo unahisi?" Akianza kukwepa baraza, msiseme ni uzee.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Pengo langu halionekani, na wala silitafutii pembe. Juzi nilirudi barazani na kitambaa changu mwenyewe mfukoni, nikakiweka juu ya goti kila mtu akiona. Mjukuu wangu naye amefika Suratul-Mulk, na nikikosea fa, hunirudisha.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao inshaallah.

Wassalaam,
Mwalimu wenu