Maabara imfuate mgonjwa mpakani

Ukitaka kujua thamani ya jibu la maabara, muulize dereva wa lori aliyekuwa Malaba au Busia katikati ya mwaka 2020. Wakati ule wa Korona, dereva alitakiwa apimwe na kusubiri majibu kabla ya kuvuka. Majibu yalichukua siku kadhaa, na foleni ya malori ikaenea kilomita kwa kilomita. Watu walilala garini, wakapika kando ya barabara na kuchangia maji. Hatua iliyokusudiwa kuzuia maambukizi ikawakusanya watu mahali pamoja.

La kushangaza ni kwamba maabara haikuwa mbali. Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ina kituo chake Alupe, kwenye barabara hiyo hiyo iendayo Malaba kutoka Busia. Kwa nini basi majibu yakachelewa? Kwa sababu safari ya sampuli si ya barabarani tu. Ikishafika maabara husubiri zamu, husubiri kemikali za kupimia, husubiri mtaalamu wa kuvivunja virusi na kuvitenga vinasaba vyake kabla mashine kubwa haijaanza kazi. Kisha jibu nalo husubiri kuandikwa na kurudishwa.

Leo ziko mashine ndogo zinazofanya kazi hiyo yote ndani ya kikasha kimoja cha plastiki. Mhudumu hutia makohozi au majimaji ya puani ndani ya kikasha, hukifunga, hukichomeka, na mashine humaliza yaliyobaki. Mashine iitwayo GeneXpert ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa kupima kifua kikuu, nayo hutoa jibu kwa muda usiofika saa mbili. Kwa Korona ilichukua kama dakika 45. Vipo hata vidogo zaidi. Mwaka 2015, wakati wa Ebola nchini Guinea, wanasayansi walibeba maabara nzima ya kusoma vinasaba katika mizigo ya kawaida ya ndege, yote isiyofika kilo 50. Kifaa chenyewe cha kusoma kilikuwa chini ya gramu 100.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haikulala. Mwaka 2020, kwa msaada wa Ujerumani, iligawa maabara tisa zinazohamishika kwa nchi wanachama. Kenya, Uganda na Tanzania zilipata mbili kila moja, na Rwanda, Burundi na Sudan Kusini moja moja.

Vifaa basi vipo. Swali ni tunavitumiaje, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba mashine ndogo ikiwekwa mpakani, foleni itakwisha.

Hebu tupige hesabu. Mashine ya aina hiyo yenye vyumba vinne hupima sampuli nne kwa mara moja. Ikifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, kwa dakika 45 kila zamu, haivuki sampuli 128 kwa siku. Malori yanayopita Malaba kwa siku ni mamia, mbali na mabasi, akina mama wa sokoni na bodaboda, ambayo jina lake lilizaliwa hapa hapa mpakani. Ukiigeuza mashine hiyo kizuizi cha kumpima kila mpita njia, utazalisha foleni mpya, na wenye haraka watapita njia za panya bila kuonwa na daktari yeyote.

Kifaa cha kubebeka ni cha mgonjwa. Ni cha dereva mwenye homa, au abiria mwenye vipele asivyovielewa. Agosti 2024, mgonjwa wa pili wa mpox kuthibitishwa nchini Kenya alikuwa dereva wa lori aliyegunduliwa Busia. Mtu kama huyo akipata jibu siku hiyo hiyo, hupelekwa wodini mara moja, na waliokuwa naye hutafutwa wakiwa bado karibu. Akisubiri siku tatu, watu wale wamekwisha kutawanyika hadi Mombasa na Kampala. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Ili kifaa hicho kifae, mambo matatu hayana budi kutimizwa.

Kwanza, kipime magonjwa ya kwetu. Septemba 2022 Ebola ilizuka Mubende, Uganda, na hadi ilipotangazwa kwisha Januari 2023, watu 55 waliothibitishwa kuambukizwa walikuwa wamefariki. Ilikuwa Ebola ya aina ya Sudan. Kikasha cha Ebola cha mashine niliyoitaja kilikuwa kimetengenezwa kwa aina ya Zaire. Kingetumika peke yake mpakani, mgonjwa wa Mubende angeambiwa hana Ebola, akaendelea na safari. Jibu la haraka lisilo sahihi lina madhara kuliko kukosa jibu.

Pili, kitunzwe. Mashine hizi hazipendi joto la kupita nyuzi 30, wala vumbi, wala umeme wa kukatika-katika. Vikasha vyake huisha muda wa matumizi, na vyumba vyake huhitaji kukaguliwa kila mwaka. Anayenunua mashine bila kutenga fedha za vikasha, fundi na betri amenunua pambo la ofisini.

Tatu, jibu lake liheshimiwe pande zote mbili. Mwaka 2020 Jumuiya ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kuwafuatilia madereva na vyeti vyao, ili apimwaye mara moja asipimwe tena. Hata hivyo Januari 2022 madereva waligoma Malaba na Busia, wakilalamika kwamba Uganda iliwataka wapimwe upya na kulipa dola 30. Malori yakasimama, na petroli ikapanda bei Uganda. Mashine haikukosekana, kilichokosekana ni kuaminiana.

Tangu Februari 2018 Busia ina kituo kimoja cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukagua mizigo chini ya paa moja. Ikiwa gunia la mahindi laweza kukaguliwa mara moja kwa niaba ya nchi mbili, kwa nini isiwe hivyo kwa kohozi la mgonjwa? Wizara zetu mbili za afya ziweke Busia na Malaba chumba kimoja cha vipimo, chenye wataalamu wa Kenya na Uganda wanaotia sahihi jibu moja. Kiwe cha kudumu, kikipima kifua kikuu siku za amani, ili siku ya balaa mikono iwe imezoea kazi na vikasha viwe kabatini.

Nawe msomaji, usidhani haya ni ya watu wa mpakani peke yao. Basi linaloondoka Busia jioni huingia Nairobi asubuhi.