Anwani ya intaneti isiwe hakimu wa wanafunzi wetu

Samaki mmoja akioza wote wameoza, walinena wahenga. Methali hii yafaa sana sokoni, lakini siku hizi imegeuzwa kuwa kanuni ya kuwahukumu watu wanaotumia intaneti, na miongoni mwa wanaoumia ni wanafunzi wetu.

Nazungumzia desturi ya benki, maduka ya mtandaoni na mashirika mengine ya kupima sifa ya anwani ya intaneti kabla ya kumpokea mteja. Kila tarakilishi au simu inapoingia mtandaoni hutambulishwa kwa nambari ambayo mafundi huiita anwani ya IP. Zipo kampuni zinazoweka kumbukumbu za nambari hizo: ipi iliwahi kusambaza barua pepe za ulaghai, ipi ilijaribu kufungua akaunti za watu kwa kubahatisha nywila, na ipi hutumiwa na watu wanaoficha waliko. Kila anwani hupewa alama, kama mwalimu asahihishavyo insha. Ikipata alama mbaya, mlango hufungwa.

Desturi hii si ngeni. Mnamo mwaka wa 1997, Mmarekani Paul Vixie na wenzake walianzisha orodha ya anwani zilizosambaza barua pepe za kero, ili wenye seva wazikatae. Mwaka uliofuata, shirika la Spamhaus likaanza kazi kama hiyo. Kilichoanza kama kinga dhidi ya barua za kero sasa hutumiwa kuamua nani anunue, nani afungue akaunti na nani atume maombi.

Sipingi ulinzi huo. Mwizi aliyeiba nambari za kadi ya benki ya mkazi wa Nakuru, kisha akajaribu kuitumia kupitia anwani ya ng'ambo ambayo jana tu ilijaribu kadi nyingine mia moja, hastahili kufunguliwa. Bawabu asiyemuuliza mgeni atokako si bawabu.

Ninalolipinga ni kumfanya bawabu kuwa hakimu. Anwani si mtu. Mpango wa zamani wa anwani, ambao bado unatumika sana, una nambari takriban bilioni 4.3 pekee, ilhali binadamu duniani wamepita bilioni 8. Akiba kuu ya nambari hizo ilikwisha kugawiwa Februari 2011. Mpango mpya wenye nambari tele upo, lakini haujaenea kote. Kwa sababu hiyo, kampuni za simu huweza kuwaweka wateja wengi mno nyuma ya anwani moja. Shule nayo yenye tarakilishi arobaini kwa kawaida huonekana nje kana kwamba ni mtumiaji mmoja. Mtu mmoja akitenda uovu, doa huwapaka wote. Isitoshe, anwani huhama. Anayepewa leo hurithi dhambi za aliyekuwa nayo jana, mithili ya mpangaji anayedaiwa kodi ya aliyemtangulia.

Katika shule ninayofundisha, wanafunzi wa kidato cha nne walikataliwa na tovuti ya shirika moja la ufadhili siku mbili tu kabla ya muda wa maombi kwisha. Hawakuelezwa kosa lao. Fundi alipochunguza, aligundua kwamba tarakilishi moja ya ofisini ilikuwa na virusi vilivyotuma barua pepe za ulaghai usiku kucha. Watoto waliadhibiwa kwa kosa la mashine wasiyowahi kuigusa. Je, mwalimu anayeliadhibu darasa zima kwa sababu ya kioo kimoja kilichovunjwa tutamwita mpenda nidhamu?

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba tapeli hodari huponyoka. Mwaka wa 2016, virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na ruta nyingi ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani. Mhalifu anayepitia kifaa kilichotekwa hujivika jina jema la mwenye nyumba. Naye mlaghai anayempigia mzee simu na kumrai atume pesa kwa mkono wake mwenyewe haguswi kabisa, kwani pesa hizo hutoka katika simu halisi ya mzee, isiyo na doa lolote.

Maoni yangu ni kwamba anwani yenye sifa mbaya iwe sababu ya kuuliza swali la pili, si ya kufunga mlango. Mwombaji atumiwe nambari ya siri kwa simu, au aombwe kitambulisho, na aelezwe amezuiwa kwa nini na amwendee nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mitambo pekee, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mashirika yanayotoa ufadhili na nafasi za masomo yakisome kifungu hicho upya.

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Nywila ya kiwandani ya ruta ya shule ibadilishwe, programu zisasishwe, na mwalimu mmoja apewe jukumu la kukagua tarakilishi zote, zikiwemo za ofisini. Nanyi wanafunzi, jihadharini na programu za bure zinazoahidi kuficha anwani zenu au kuwalipa kwa kushiriki intaneti yenu. Baadhi yazo hukodisha anwani hiyo kwa watu msiowajua, na lawama huwarudia ninyi.

Msimu wa maombi ya vyuo na ufadhili huja kila mwaka. Kabla haujafika tena, kila mwalimu mkuu na ahakikishe kwamba jina la shule yake mtandaoni ni safi, na kila shirika lihakikishe kwamba mtoto aliyezuiwa ana mtu wa kumsikiliza. Samaki aliyeoza hutupwa. Mwanafunzi hasemwi ameoza kabla ya kusikizwa.