Prezida akiwa hayuko, kazi inaenda?



Katika vikundi tunavyovitembelea kuna neno tunalisikia karibu kila safari. Tunafika, tunakuta mahindi yamekauka na kupukuchuliwa, mnunuzi ametoka Kalemie mjini na bei nzuri, lakini magunia hayatoki depo. Tunauliza sababu. Jibu: "Tungojee kwanza prezida arudie. Ufunguo, yeye njo anao." Prezida ameenda kwenye matanga kule Nyunzu. Kwenda matanga si vibaya. Ubaya ni kwamba watu 40 wamelima, na mtu mmoja tu ndiye anaweza kufungua mlango. Mnunuzi hangoji matanga yaishe, anaenda kununua kwa wengine.

Kuna wanaomsifu prezida wa namna hiyo, wanasema ni kiongozi wa nguvu. Sisi hatukubali. Mtu ambaye bila yeye hakuna kinachosogea bado hajaongoza, anabeba tu. Akiugua wiki mbili, koperative nayo inalala kitandani.

Lakini tusimtupie yeye makosa yote. Memba nao wanapenda mambo yawe hivyo, kwa sababu ni raha kusema "prezida njo anajua". Kila mkutano kuna mzee anasimama kukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, watu wanapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani na kukiachia kidole kimoja chawa wote.

Sheria ya koperative tunayofuata ni ile ya OHADA, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010, na ikatufikia Wakongo mwaka 2012 nchi ilipoingia humo. Inasema memba mmoja, sauti moja, hata kama mwenzako ana hekta 5 na wewe una kipande nyuma ya nyumba. Sauti hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Lakini mama ambaye hajawahi hata kushika daftari ya mauzo atapiga kura juu ya nini? Atanyoosha mkono pale wengine waliponyoosha.

Angalieni AVEC, ambazo wengi wenu muko ndani yake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kila mzunguko mpya komite inachaguliwa tena. Watu husema kufuli tatu ni kwa ajili ya wizi. Ni kweli, lakini zinafanya na kazi nyingine: mama aliyepewa ufunguo anakuja kwa wakati, anajifunza kuhesabu pamoja na wengine, na mwaka unaofuata anaweza kuwa kesye. Swali letu ni hili: mbona mama huyohuyo, akiingia kwenye koperative ya mihogo, anarudishwa kufagia depo?

Hapa Katanika jambo hili lina uzito wake. Miaka ya 2016 na 2017, vita kati ya Watwa na Waluba ilileta watu wengi sana hapa, wakajenga vibanda. Wengine wamerudia kwao, wengine wamebaki na wanalima pamoja na wenyeji. Kwenye mkutano utawaona wamekaa nyuma. Hakuna aliyewaambia wakae nyuma, na hakuna aliyewaita mbele.

Kikundi kimoja, jina tunaliacha, kiligawa miti ya mihogo ya kupanda. Mama mmoja mkimbizi alikuwa ameona shamba ilikotoka: majani yamejikunja, yana madoa ya manjano. Ni mozaiki, na muhogo uliopandwa kwa mti mgonjwa unaota mgonjwa. Mama alijua. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu: "Miye ni mgeni, hakuna mwenye aliniuliza." Msimu mzima ulipotea kwa swali moja lililokosa kuulizwa. Kiongozi pale hakuhitaji hela wala mradi. Alihitaji kugeuza kichwa na kuuliza: na nyinyi wa nyuma, munaonaje?

Mashamba shule yalianza kwa wazo kama hilo, kule Indonesia mwaka 1989, wakulima wa mpunga walipokuwa wanapiga dawa nyingi na wadudu wakazidi. Hawakuletewa mwalimu wa kuwahubiria. Waliingia shambani kila wiki, wakahesabu wadudu wenyewe, wakachora walichoona, wakasimama kuelezea wenzao. Baadaye wakulima hao wenyewe wakafundisha wengine. Hapa Tanganyika, klabu za Dimitra zinazosaidiwa na FAO zimewakalisha Watwa na Waluba pamoja, wakiongea shida zao kwa midomo yao wenyewe.

Tunajua hofu ya maprezida, hata kama hawaisemi: nikimfundisha kijana huyu, kesho atachukua kiti changu. Huenda atachukua kweli. Ila prezida aliyemfundisha atabaki mzee anayeulizwa ushauri, na yule aliyeficha daftari atatolewa kwa kelele, akiulizwa pesa ziko wapi.

Kumkuza mtu kuna gharama. Kijana mpya akishika mizani atakosea. Basi mpe gunia mbili za karanga kwanza, si mauzo ya msimu wote. Akikosea, mwite pembeni mrudie hesabu pamoja. Ukimfokea mbele ya memba, hatashika mizani tena, na wengine kumi waliokuwa wanatazama nao hawatashika. Akifanya vizuri, hapo ndipo useme mbele ya wote, kwa jina lake na kazi aliyofanya.

Tena kuna mafunzo ya mjini. Yule aliyeenda mara ya kwanza ndiye anaenda ya pili, ya tatu na ya nne, na tiketi yake pamoja naye. Shirika likiita "mtu mmoja wa koperative", si lazima awe prezida. Mutume mwengine, na akirudi apewe saa nzima ya kueleza alichojifunza kabla hajalipwa chochote.

Mvua za mwezi wa 10 haziko mbali, na kabla yake mutakuwa na mkutano wa kugawa mbegu. Prezida, siku hiyo kaa kwenye benchi la nyuma, uachie mwengine daftari.