SPIKA TANO ZA NINI?

Leo nimeshika kalamu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozua ubishi mkali darasani mwetu wakati wa mapumziko. Nalo ni ile mitambo ya sauti ambayo watu huweka sebuleni ili kuigeuza iwe kama sinema. Mtaani tunaiita "houm thieta", na wengine huita kila kitu "wufa" tu. Kuna wanaosema eti nyumba isiyo na spika tano na wufa moja imebaki nyuma. Mimi sikubaliani nao, na sababu ninazo.

Kwanza kabisa, yafaa tujue mtambo wenyewe hufanya nini. Ile 5.1 tunayoiona kwenye katoni ina maana yake. Tano ni spika kamili: tatu za mbele, yaani ya kushoto, ya katikati na ya kulia, na mbili za ubavuni au nyuma ya watazamaji. Ile moja baada ya nukta ni njia ya sauti nzito peke yake, kama vile ngurumo na milipuko, ambayo hutokea kwenye wufa. Spika ya katikati hubeba sehemu kubwa ya maneno ya wahusika. Za nyuma hubeba mvua, upepo na nyayo za adui anayenyemelea. Mambo haya hayakuanzia sebuleni. Walt Disney alijaribu kuwazungushia watazamaji sauti katika filamu ya Fantasia mwaka wa 1940, na mfumo wa Dolby Digital wenye njia hizo sita ulianza katika majumba ya sinema mwaka wa 1992 kwa filamu ya Batman Returns. Kwa hivyo kilichobuniwa kwa ukumbi mkubwa ndicho tunachotaka kukisokomeza katika chumba kimoja.

Pili, kuna hesabu ya wati. Hapa ndipo wazazi wetu huchezwa shere. Katoni huandikwa kwa herufi kubwa kwamba mtambo una PMPO ya wati 10,000, na muuzaji huigonga gonga kama anayeuza ng'ombe wa maziwa. Jamani, hata sisi wa kidato cha tatu tunajua kwamba nishati haizuki tu kutoka hewani. Geuza mtambo, usome kibandiko kilicho nyuma karibu na waya wa stima. Ukikuta unakula wati 60, basi hizo elfu kumi zinatoka wapi? PMPO haina kanuni moja iliyokubaliwa na wote, hivyo kila mtengenezaji hujikadiria atakavyo. Kipimo cha kuulizia ni RMS, ambacho huonyesha nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo. Muuzaji asiyekijua, au anayekikwepa, mwache na mali yake. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Tatu, sauti yenyewe hutoka wapi? Ili spika tano zitoe sauti tano tofauti, lazima filamu iwe na njia hizo, na pia lazima ifikishwe kwenye mtambo kwa waya unaofaa, kama ule wa HDMI. Sasa hebu tutazame tunachotazama sisi. Filamu nyingi tunazotiliwa kwenye flashi pale dukani zimebanwa zikabaki na njia mbili tu. Zile za DJ Afro, ambazo mimi mwenyewe sizikosi Jumamosi, utamu wake wote umo katika maneno ya mtu mmoja, na mtu mmoja hahitaji spika tano. Isitoshe, mitambo mingi ya bei nafuu huunganishwa na runinga kwa ule waya wa vichwa viwili, chekundu na cheupe. Waya huo hupitisha kushoto na kulia, basi. Mara nyingi spika za nyuma hurudia tu yaliyokwisha kusemwa na za mbele. Umelipia tano, unasikia mbili.

Nne ni chumba. Nimewahi kuusikiliza mtambo kama huo kwa mjomba wangu likizo nzima ya Agosti, kwa hivyo sisemi ya kuambiwa. Nitautendea haki. Tulipoweka divisheni halisi ya filamu kwenye dividi, nikaketi kiti cha katikati, mvua ilininyeshea mgongoni hata nikageuka kuangalia dirisha. Ni raha, sikatai. Lakini raha hiyo ilikuwa ya kiti kimoja. Binamu yangu aliyeketi pembeni alipigiwa kelele na spika moja sikioni, na maneno ya wahusika hakuyapata vizuri. Tena sebule ya mjomba ni kubwa. Kwetu, na kwa wengi wenu, chumba ni futi kumi kwa kumi, kochi limeegemea ukuta, na nyuma ya kochi hakuna nafasi hata ya kupitisha ufagio. Matokeo ni kwamba spika zote tano hupangwa kando ya runinga kama wanafunzi kwenye gwaride. Hapo hakuna tena sauti ya kuzunguka.

Tano, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni jirani. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Gawanya kwa mitetemo 40 kwa sekunde, ambayo ni sauti nzito ya wufa, utapata wimbi la mita nane na nusu. Chumba cha futi kumi ni kama mita tatu. Wimbi kubwa namna hiyo halizuiliwi na ukuta mwembamba wala pazia. Muziki unabaki kule, huku kwetu inakuja "du! du! du!" peke yake. Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni wana chumba cha kusomea na kengele ya kunyamaza. Sisi tuna meza ya jikoni na ukuta wa jirani. Mtahiniwa wa kidato cha nne anawezaje kukokotoa hesabu huku kikombe kinacheza juu ya meza? Kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku katika makazi, na usiku wenyewe ukahesabiwa kuanzia saa mbili. Nayo WHO inashauri tusizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Zikifika 90, ni saa nne tu. Masikio hayauzwi dukani.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba mtambo mzuri huwakalisha watoto nyumbani badala ya kuzurura kwenye vibanda vya video. Hilo ni kweli, na baba aliyechoka ana haki ya kuburudika kwake. Hata hivyo, familia haikalishwi pamoja na wingi wa spika. Vijana wenzangu hupima mtambo kama wanavyopima matatu: inatetemesha kifua au haitetemeshi? Wazazi nao, kwa kutupenda, huchukua pesa za chama au hununua kwa kulipa polepole, na karo inangoja.

Basi nashauri hivi. Ukienda dukani na mzazi, beba flashi yako mwenyewe. Weka kwanza taarifa ya habari, uteremshe sauti hadi chini. Ukisikia kila neno, hapo pana spika. Kisha weka wimbo unaoujua vizuri, usikilize kama gitaa na ngoma vinatengana au vimekuwa uji. Mwisho pandisha sauti polepole. Ikianza kukwaruza kabla ya nusu, funga mkoba. Kwa chumba kama chetu, spika mbili safi zinatosha, na wufa ndogo isiyogusa ukuta wa jirani. Pesa zitakazobaki zina kazi nyingi.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Kwa hayo machache natua nanga, na anayeniona nimepotoka na aandike katika toleo lijalo. Kwaherini.