Sakafu ni Nusu ya Kiti cha Magurudumu

Ni jambo la kawaida katika nchi yetu kumwona mtu mwenye ulemavu wa miguu akikabidhiwa kiti cha magurudumu mbele ya umati. Hotuba hutolewa, makofi hupigwa, na kila mmoja hurudi kwake akiamini kwamba tatizo limekwisha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali moja jepesi: je, kiti hicho kitatembea juu ya nini? Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba gurudumu na sakafu ni mtambo mmoja, na kwamba anayetoa kiti bila kuitazama sakafu ametoa nusu tu ya mtambo huo.

Gurudumu na ulaini wa sakafu

Gurudumu gumu likipita juu ya sakafu ngumu, vyote viwili hubonyea kidogo mno, na jasho la msukumaji halipotei bure. Likipita juu ya zulia nene, au juu ya udongo uliolowa, huzama na kufanya kishimo. Kila linaposonga mbele hulazimika kuupanda ukingo wa kishimo hicho, nacho kishimo husonga pamoja nalo. Hivyo basi, asukumaye kiti juu ya zulia ni kama apandaye kilima kisicho na kilele.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza niliona mazulia yametandikwa toka ukuta hadi ukuta, na sababu yake yaeleweka: baridi. Sisi wa Tanga na Dar es Salaam twalitandika zulia lilo hilo kwa ajili ya fahari tu, kisha twashangaa kwa nini bibi hatoki chumbani mwake.

Hesabu ya kizingiti

Hata hivyo, adui mkubwa zaidi si zulia bali ni kizingiti. Tuchukue gurudumu la mbele lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, likiwa limesimama na kugusa kizingiti chenye kimo cha sentimita 2. Mwanafunzi na achore pembetatu mraba toka kitovu cha gurudumu hadi ncha ya kizingiti. Upande mrefu ni 10, upande wa wima ni 10 kutoa 2, yaani 8. Basi upande wa tatu, kwa kanuni ya Pythagoras, ni 6. Kwa kanuni ya momenti, kani ya mlalo inayohitajika kwenye ekseli ili gurudumu lianze kupanda ni 6 kwa 8, yaani robo tatu ya uzito uliolilemea.

Sasa tuchukue gurudumu dogo, lenye nusu kipenyo cha sentimita 5. Pande za pembetatu huwa 5, 3 na 4. Kani inayohitajika ni 4 kwa 3, yaani inauzidi uzito wenyewe! Ikiwa magurudumu mawili ya mbele yamebeba jumla ya nyutoni 300, mwenye kiti hana budi kutoa nyutoni 400, sawa na kuinua mzigo wa kilo 40 hivi. Kijana stadi aweza kuyainua magurudumu ya mbele na kuruka kizingiti. Mzee au mgonjwa hawezi.

Linganisha na mteremko. Tuseme mtu na kiti chake wana uzito wa nyutoni 800. Juu ya mteremko wa 1 kwa 12, kani ya kuushinda mwinamo ni nyutoni 67 hivi. Kwa kizingiti cha sentimita 2, mteremko huo wahitaji urefu wa sentimita 24 tu, yaani miiko michache ya saruji. Fundi huumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sakafu ipi ichaguliwe?

Kwa maoni yangu, sakafu ifaayo katika nyumba zetu ni ya saruji iliyosawazishwa vizuri na kumwagiliwa maji kwa muda wa siku saba hivi. Isiponyweshwa maji hubanduka na kutoa vumbi, na mchanga wake huingia katika beringi za magurudumu. Vyumbani yaweza kupigwa niru. Bafuni, la hasha: huko uso wake uachwe na mkwaruzo, kwani maji hupunguza msuguano, na mtu anayehama toka kitini hadi chooni hutegemea msuguano huo asianguke. Kwa sababu hiyo hiyo marumaru zing'aazo hazifai bafuni. Anayetaka marumaru achague zenye uso wa kukwaruza. Maji yazuiwe kwa kuinamisha sakafu kuelekea tundu la kutolea maji, sentimita 1 kwa kila sentimita 50, wala si kwa kujenga kizingiti mlangoni. Mikeka nayo itandikwe pembeni, kwa sababu kingo zake hunaswa na magurudumu madogo.

Wapo watakaosema kwamba saruji ni ghali. Ni kweli. Lakini hapana lazima ya kusakafia nyumba nzima. Njia yenye upana wa sentimita 90, toka mlangoni hadi kitandani na hadi chooni, ikiwa na urefu wa mita 6 na unene wa sentimita 5, hutumia zege la mita za ujazo 0.27. Chumba kimoja cha mita 3 kwa 4 hutumia 0.6. Iongezwe nafasi ya kugeuzia kiti, mraba wa mita 1.5, na bado gharama ni ndogo kuliko ya chumba kizima.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Lakini mkaguzi wa majengo ya umma haingii chumbani mwa mtu. Humo mwenye kauli ni mwenye nyumba na fundi wake, na wote wawili walipita, au watoto wao wanapita, katika madarasa yetu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fizikia: chukueni mizani ya springi na kigari chochote chenye magurudumu, mkikokote juu ya saruji, mkeka, zulia na udongo, na wanafunzi waandike kani waliyoisoma. Kisha wapewe kazi ya kupima kimo cha kila kizingiti cha shule yao, kuanzia mlango wa darasa hadi choo. Orodha hiyo wampelekee mwalimu mkuu pamoja na hesabu ya saruji itakayohitajika.