Duka la Wusi Si Duka la Zamani

Kuna picha mbili ambazo mtoto wa shule zetu za msingi hukutana nazo mapema sana. Katika ile ya kwanza, iliyoandikwa "Zamani", pana meza ya mbao, rafu na mwenye duka anayepima sukari kwa mizani. Katika ya pili, iliyoandikwa "Sasa", pana supamaketi yenye taa nyingi na wanunuzi wanaosukuma vikapu vya magurudumu. Mwalimu huuliza tofauti, watoto huzitaja, na somo huisha.

Sina ugomvi na picha hizo. Ugomvi wangu ni na maandishi yaliyo juu yake. Mtoto wa Wusi, katika milima ya Taita, akitoka darasani hutumwa akanunue robo kilo ya sukari na kiberiti. Huko hukuta meza, rafu, mizani na mwenye duka. Je, mtoto huyu anaishi zamani? Na mama aliyemtuma, naye yu wa zamani? Hapana mwalimu anayekusudia kumfunza hivyo, lakini ndivyo anavyofunzwa: kwamba wakati wa sasa uko Nairobi na Mombasa, na kwao ni masalio tu. Mtoto wa namna hiyo hatayachunguza ya kwao. Atayaonea haya.

Isitoshe, fundisho lenyewe si la kweli. Duka hilo la rafu za mbao aghalabu huwa limebandikwa nambari ya kulipia kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2007. Sukari iliyofungwa kwa karatasi enzi za wazee wetu ilikuja kutiwa katika plastiki. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017, karatasi ikarejea. Nayo Nakumatt, supamaketi iliyokuwa fahari ya miji yetu, ilikuwa imekwisha kufikia mwaka 2020, ilhali maduka madogo ya vijijini yangali wazi. Ni lipi basi la zamani, na ni lipi la sasa? Historia si ngazi ambayo wengine wamefika juu na wengine wangali chini. Ya kale na mapya hukaa katika rafu moja.

Hapana shaka mabadiliko yamekuwako, na makubwa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kuelekea Kilimanjaro ilipita Taita ikinunua chakula kwa shanga na kwa merikani, kitambaa ambacho jina lake latuambia kilifumwa Marekani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Voi kabla ya karne hiyo kwisha, na duka likaandamana na reli. Alidina Visram, mfanyabiashara kutoka Kutch aliyefariki mwaka 1916, alifungua maduka katika njia hiyo hadi Uganda. Rupia ilitumika mpaka shilingi ilipoingia mwaka 1921. Mwaka 1967 sheria ya leseni za biashara iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na katika miji mingi mwenye duka akabadilika. Mambo haya yote ni historia ya duka, na hayamo katika zile picha mbili.

Mtu atasema kwamba hayo ni mazito mno kwa mtoto wa miaka minane. Ni kweli, yakitolewa kama orodha ya miaka. Lakini mtoto huyo tayari anayo kinywani. Neno "pesa" lilitoka Bara Hindi. "Bei" ni la Kiarabu. "Shilingi" ni la Waingereza, na "hela", linalosikika zaidi ng'ambo ya mpaka wa Taveta, ni kumbukumbu ya sarafu ya Wajerumani. "Duka" lenyewe lina asili ya Kiarabu, "dukkan". Yaelekea Waswahili walisikia "dukani", wakaidhania "-ni" ya mwisho kuwa ile ya "nyumbani" na "shambani", wakaiondoa. Mtoto anayetamka "naenda dukani" ametaja safari ndefu ya Bahari ya Hindi.

Na tuvitazame vipimo. Bibi alipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Ikaja ratili, kisha kilo. Hata hivyo, sokoni mahindi yangali yanapimwa kwa gorogoro, kopo lisilojali sheria za kipimo wala mitaala ya shule.

Nawapendekezea walimu wenzangu mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kwanza, watoto waende duka lililo karibu, waandike vitu kumi wanavyoviona na mahali kila kimoja kilikotoka. Pili, kila mtoto amuulize mzee mmoja wa kwao swali moja: ulipokuwa na umri wangu, ulitumwa kununua nini, na ulilipa kwa nini? Jibu liletwe kwa lugha ambayo mzee alilitolea. Likija kwa Kidawida, liandikwe kwa Kidawida. Sera yetu ya elimu inaruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya mwanzo, nasi twaitumia kwa woga. Tatu, mwenye duka aombwe aeleze daftari lake la madeni, bila kutaja jina la mtu. Hapo mtoto atajifunza kwamba duka la kijijini huuza pia muda na imani, na ataelewa kwa nini wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga.

Najua darasa lina watoto wengi na saa ni chache. Lakini mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, unadai mtoto ajifunze kutokana na mazingira yake. Mazingira ya Wusi hayapatikani katika chati iliyochorwa mbali.

Picha zile ziendelee kutundikwa ukutani. Ila maandishi yaliyo juu yake yafutwe, na watoto waulizwe wenyewe waandike nini mahali pale baada ya kurudi dukani.