Nyavu Zilizooshwa

Juma hili twataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka mji wa Chicago katika Marekani, kwenye uwanja wa besiboli. Mchezo huo haujulikani sana kwetu. Mtu mmoja hutupa mpira kwa nguvu. Mwenzake wa upande wa pili humngoja na rungu mkononi, aupige mbali, kisha akimbie kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia. Ni kazi ngumu: mpigaji afaulupo mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa hodari. Na watu hao hucheza karibu kila siku, michezo 162 tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba. Hawafanani na vijana wetu wa mpira wa miguu, wachezao siku ya Dominika na kupumzika juma zima. Wafanana zaidi na wavuvi.

Timu tunayoisema yaitwa Chicago White Sox, yaani Soksi Nyeupe. Katika mwaka 2005 ilitwaa ubingwa ambao haikuupata tangu 1917, na katika watazamaji wa mchezo wa kwanza wa fainali zile alikuwamo Padri mmoja wa shirika la Mtakatifu Agustino, mzaliwa wa Chicago. Ndiye aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025 kuwa Papa Leo XIV.

Lakini mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kilio. Tangu tarehe 10 Julai mpaka 5 Agosti walishindwa mara 21 mfululizo, na mwalimu wao akaondolewa. Walipofika juma la mwisho walikuwa wameshindwa mara 120, sawasawa na Mets wa New York wa mwaka 1962, ambao kwa miaka zaidi ya 60 walikuwa mithali ya kushindwa. Kushindwa mara moja tena, na hakuna timu kubwa ya zama hizi iliyopotewa na michezo mingi kama wao.

Hapo tukaikumbuka Injili ya Mtakatifu Luka, mlango wa tano. Simoni na wenzake walitaabika usiku kucha wasipate kitu. Wahubiri wengi hupita upesi mahali hapo, ili wafikie nyavu zilizojaa samaki hata zikaanza kukatika. Sisi twapenda kusimama kwanza nyuma kidogo: Bwana Yesu alipofika kando ya ziwa, aliwakuta wavuvi wakiosha nyavu. Waulizeni wavuvi wa Moba na Kalemie maana yake. Wao huvua dagaa usiku kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi hurudi mitupu. Hata hivyo wavu ulioshika majani na matope hauna budi kuoshwa, kuanikwa, na kushonwa palipochanika. Mtu amechoka, hana cha kumpa mkewe apike, naye ainama majini kusafisha wavu usioleta kitu! Kama Petro angalienda kulala kwa hasira, nani angalikutwa pale asubuhi ile?

Basi, juma lile Chicago walitembelewa na timu ya Los Angeles Angels, yaani Malaika. Watu wengine walikuja uwanjani ili waone kwa macho yao kushindwa kwa 121, kama watu wanavyokimbilia kutazama nyumba inayoungua. Wachezaji walijua hayo. Kombe halikuwapo tena la kutafuta. Wakawashinda Malaika siku tatu mfululizo. (Yakobo alishindana na malaika usiku mmoja tu, akatoka akichechemea; lakini tusifanye mzaha na Maandiko.)

Tarehe 27 Septemba, mjini Detroit, walishindwa 4 kwa 1, na aibu ikatimia. Kesho yake wakarudi uwanja uleule wakashinda, na siku ya mwisho wakashinda tena. Hesabu yao: ushindi 41, kushindwa 121.

Mtasema mfano huu wachechemea kuliko Yakobo. Ni kweli. Petro alijaza mitumbwi miwili siku ileile. White Sox katika mwaka 2025 walishinda mara 60 wakashindwa 102. Tena wao hulipwa mshahara hata wakishindwa, lakini mvuvi wa Moba halipwi na mtu. Wala hatusemi kwamba Mungu huchagua timu ya kushinda.

Tulikuwa tukimfikiri kijana mmoja tunayemjua, aliyeanguka katika mtihani wa mwisho. Jioni ileile alichoma madaftari yake yote nyuma ya nyumba. Baada ya miezi miwili baba yake alipata karo ya kurudia darasa. Kijana akapita nyumba kwa nyumba, akiomba kuazima madaftari kwa wadogo zake.